Usiku Mmoja Ng'ambo ya Feri: Maswali ya Anayetaka Kulala Kambini kwa Baiskeli

Swali la kwanza huulizwa kabla pantoni halijaondoka Kivukoni. Umesimama katikati ya watu saa tisa alasiri, baiskeli umeiegemeza nyongani, nyuma kwenye keria umefunga hema, mkeka na sufuria moja. Mama mwenye ndoo ya dagaa anakupandisha na kukushusha kwa macho. "Mwanangu, unahama?" Ukimwambia unakwenda kulala ufukweni usiku mmoja tu na kesho unarudi Ilala, anauliza la pili, safari hii kwa upole zaidi: "Kwani nyumbani kuna nini?"

Nyumbani hakuna kitu. Lakini namwelewa. Baiskeli kwetu ni chombo cha kazi: hubeba mkaa, maziwa, mikate, matenga ya samaki. Mtu aliyepakia malazi yake juu ya baiskeli kwa hiari, tena akalipa nauli ya kivuko ili akalale chini, lazima aulizwe.

Makala haya ni ya wale wenye swali la tatu: mimi nitaanzaje? Mfano nimeuchukua Kigamboni kwa kuwa ndiko ninakokwenda mwenyewe. Aliye Arusha anaweza kuliweka Ziwa Duluti mahali pake, pale Tengeru, na aliye Mombasa avuke Likoni aelekee Diani. Wa Arusha ataruka sehemu ya maji ya bahari. Mengine ni yale yale.

Kwa nini nisianze na Bagamoyo au Lushoto?

Huko utafika siku yake. Usiku wa kwanza unataka mahali ambapo ukikosea hupati hasara kubwa. Ukisahau kiberiti Mjimwema, duka liko hatua mia mbili. Hema likikushinda kulisimamisha, mvua ikikukuta, tumbo likivuruga saa nne usiku, unafunga mzigo, unamwita mwenye bajaji, na kabla ya saa sita umo kitandani kwako. Safari yangu ya kwanza ilikatika hivyo hivyo. Nilirudi nimelowa mpaka soksi, nikalala nyumbani, na wiki ya pili nikaenda tena nikiwa na turubai.

Hesabu ya umbali ni nyepesi. Mtu asiye mwanamichezo, na baiskeli iliyobeba kilo kumi hivi, huenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa kwenye lami. Mchangani huendeshi, unasukuma. Kwa mwendo huo Mjimwema ni chini ya saa moja kutoka ng'ambo, na Gezaulole ni saa moja na kitu kama hupumziki kila penye kivuli. (Mimi hupumzika.) Gezaulole kilikuwa miongoni mwa vijiji vya ujamaa vya mwanzo kandokando ya Dar es Salaam, mahali pa Mbwamaji ya kale, na jina lake ni la Kizaramo: jaribu uone. Kwa safari ya kwanza silijui jina linalofaa zaidi.

Panga saa kwa kurudi nyuma kutoka machweo. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika kumi, mwaka mzima, na giza la kwetu halibembelezi: dakika ishirini baadaye hulioni shimo la barabarani. Hema liwe limesimama saa 11 jioni. Kwa hiyo uwe umevuka saa 8, au saa 9 ukichelewa sana. Anayetokea Temeke au Mbagala hana haja ya kwenda mjini kutafuta kivuko. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, humvusha kutoka Kurasini kwa mita 680 tu.

Nitalala wapi, na nimwombe nani?

Hili ndilo swali lenyewe. Watu humaliza mwezi mzima wakilinganisha mahema, kisha hutumia dakika tano kuchagua mahali pa kulala, tena kwa kutazama picha za machweo. Mimi huanza na kuuliza pana nani. Mandhari hufuata.

Mahali panapofaa ni pa aina mbili. Pa kwanza ni kambi au hoteli ndogo ya ufukweni inayoruhusu mgeni kusimamisha hema lake kwa malipo. Piga simu mapema, uliza mambo manne: bei ya mtu mwenye hema lake, kama mlinzi anakesha, kama choo hakifungwi usiku, na kama kuna muziki. Usilidharau hilo la nne. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mishahara imetoka, ufukwe wa Kigamboni hauna usingizi. Spika zitakupigia kifuani mpaka saa tisa. Nenda katikati ya wiki kama kazi yako inaruhusu, au Jumapili jioni wakati wenzako wote wanarudi mjini.

Pa pili ni kwa wenyeji: kijijini, karibu na diko la wavuvi, au kwenye kiwanja cha mtu. Hapa hakuna mapokezi, kuna hodi. Muulizie mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe. Ukimkosa, mwendee mzee yeyote aliyekaa barazani, atakuelekeza. Mazungumzo hayachukui muda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeharibikiwa?"

"Hapana mzee, baiskeli nzima. Natoka Ilala, natembea tu. Naomba kulala hapa kwenu usiku wa leo, hema ninalo. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa nimeondoka."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Kitambulisho unacho?"

Mwonyeshe. Hajakushuku, anajua kwamba lolote litakalotokea usiku huo ataulizwa yeye. Ukishapokelewa, wewe si kivuli kilichoonekana kando ya minazi, ni mgeni wa mzee fulani, na habari hiyo itakuwa imezunguka kijiji kabla hujamaliza kupigilia vigingi. Watoto watakuja kuangalia hema. Waache wachungulie, wakiridhika wataondoka. Akitaja ada, lipa. Asipotaja, kilo ya sukari na majani ya chai asubuhi ni shukrani inayoeleweka kuliko noti unayomsukumia mkononi.

Na ufukwe mtupu usio na mtu, ule wa kwenye picha? Sishauri, hata kidogo, kwa mtu aliye peke yake. Pia kumbuka kuwa baadhi ya sehemu za Kigamboni ni za jeshi. Kibao kikisema hivyo, usisimame, usipige picha, usitafute njia ya mkato.

Mzee amesema nisilale pale, maji yanafika. Mbona pamekauka?

Msikilize mzee. Kosa hili hufanywa na watu wa mjini karibu wote, maana sisi bahari tunaiona kutoka dirisha la daladala.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Hilo wengi wanalijua. Wanalolisahau ni kwamba kujaa kwa leo si sawa na kujaa kwa wiki ijayo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja mbili baada ya hapo, ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na hapa Dar es Salaam tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo kama aliyechoka. Ufukwe uliolala juzi wakati wa maji mafu bila hata kusikia povu, ndio huo huo utakaokuamsha kwa maji ya magotini wakati wa bamvua.

Sasa angalia mtego ulipo. Pwani yetu maji ya bamvua hujaa karibu na saa 10 jioni, na tena karibu na saa 10 alfajiri. Siku mbili kabla ya mwezi mpevu, kujaa kwa mchana huwa kati ya saa 8 na saa 9. Wewe unafika saa 11, maji yameshavuta mbali, mchanga umelala bapa, mgumu, safi, kama kitanda kilichotandikwa. Unasimamisha hema. Unakula, unatazama mwezi, unasinzia. Kati ya saa 8 na saa 9 usiku, saa ambayo hata mbwa wamelala, maji yanarudi palepale yalipokuwa mchana, na wewe ndiye uliyelala njiani kwake.

Namna ya kujua bila kalenda ni kutafuta mstari wa mwani. Tembea kutoka majini kuelekea nchi kavu. Utaukuta mwani mbichi, mweusi, bado unateleza. Hapo ndipo maji yalipofika leo. Endelea. Juu zaidi kuna mstari wa pili, mwani umekauka mpaka unavunjika mkononi, umechanganyika na vifuniko vya chupa, vifuu na kandambili za mguu mmoja. Huo ni wa bamvua. Lala nyuma yake, pale nyasi na majani ya kutambaa yanapoanza, maana majani hayo hayaoti panapozama mara kwa mara. Kama mstari wa pili huuoni kwa sababu ufukwe umefagiwa, rudi kwa mzee.

Kosa la pili hufanywa na wale waliolikwepa la kwanza: wanakimbilia chini ya mnazi. Nazi haichagui usiku wala mchana, na kuti kavu likishuka lina uzito wa kutosha kukupasua kichwa. Tafuta mvinje, mkorosho au mwembe, au kaa wazi.

Lazima niwe na baiskeli ya gharama?

Hapana. Baiskeli yoyote yenye breki mbili zinazoshika, tairi zisizo na nyufa na keria isiyocheza inatosha, hata ile ya mtumba ya Kariakoo. Gia ni raha tu. Njia ya Kigamboni haina milima ya kutisha. Siku mbili kabla, mpitie fundi baiskeli, mwambie aangalie spoku, breki na ekseli, kisha izungushe mtaani ikiwa na mzigo wake wote. Baiskeli iliyopakiwa hukata kona kizembe na kusimama kwa kuchelewa. Afadhali uyajue hayo Buguruni kuliko mbele ya lori.

Malori yapo. Anayepita Kibada kuelekea Mwasonga atakutana na yale ya saruji. Kaa kushoto, vaa kofia ngumu na nguo inayoonekana, na likija kubwa kwa nyuma huku jingine likija kwa mbele, usishindane: shuka pembeni, weka mguu chini, yapite. Taa ya mbele na taa nyekundu ya nyuma ziwepo hata kama huna mpango wa kuendesha usiku.

Mzigo weka chini na nyuma, usiubebe mgongoni. Begi la mgongoni baada ya saa moja huwa limekulowesha jasho, na mabega yatakwambia. Hema na malazi juu ya keria, vyakula na maji kwenye mifuko miwili ya pembeni yenye uzito sawa. Funga kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Kwa fundi hupewi kamba iliyo bora kuliko hiyo. Kisha kagua ncha zote. Mara moja niliacha pembe ya kikoi ikining'inia nusu shubiri tu. Karibu na Mjimwema upepo ukaipeleka kwenye spoku, gurudumu la nyuma likafunga ghafla, nami nikajikuta nimekaa barabarani nikitazama kikoi changu kikiwa kimesokotwa kama kamba ya ndoo. Kikoi kilikatwa kwa kisu. Mwenye kanga, buibui au shuka la kujifunga asisubiri kujifunza hivyo.

Nikipata pancha gizani?

Mchana usihangaike, mafundi wapo. Usiku utajitegemea, kwa hiyo jifunze nyumbani kuziba pancha moja mpaka mwisho, kwa mikono yako.

Pindua baiskeli, toa gurudumu, chomoa ukingo mmoja wa tairi kwa vyuma viwili vya kutolea, vuta tyubu nje. Ijaze upepo kidogo, ipitishe kwenye sufuria ya maji kipande kwa kipande. Panapotoka mapovu ndipo penyewe. Kausha, weka alama. Sugua kwa msasa mpaka ule ung'avu wa mpira uishe. Paka gundi kwa upana unaozidi kiraka. Hapa ndipo kiraka huokoka au hufa: usikibandike gundi ikiwa mbichi. Ngoja. Hesabu dakika nne, tano. Iguse kwa mgongo wa kidole. Isiponata tena, na rangi yake imefifia, bandika na ukandamize kwa nguvu. Fundi wa mtaani huiwahisha kwa kupuliza. Wewe huna haraka.

Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima. Mwiba ulioitoboa bado uko humo, umekaa kimya, unasubiri. Mara nyingi pancha ya pili si pancha mpya, ni mwiba ule ule. Ukibeba tyubu ya akiba utayafanya haya yote asubuhi, ukiwa umekaa, chai mkononi, nami ndivyo ninavyofanya.

Nilalie nini, na mbu je?

Hema si lazima. Kamba moja kati ya miti miwili, turubai juu, chandarua chenye dawa chini yake, mkeka na shuka: malazi hayo yametosha kwa wavuvi wengi. Hema hukupa faragha na huzuia mchanga, ndiyo faida yake kubwa. Joto ndilo adui wa hema. Mwezi wa Julai, kwenye kipupwe, usiku wa Dar es Salaam hushuka mpaka nyuzi 19 hivi, na shuka moja na fulana ya mikono mirefu hutosha. Januari usiku haushuki chini ya nyuzi 24 au 25, na hema lisilo na madirisha ya wavu litakuwa jiko la kuoka mikate. Masika, Machi hadi Mei, kaa nyumbani.

Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, mbu wa dengue huuma mchana, hasa asubuhi na kuelekea jioni. Na dengue jiji hili tunaijua, ilitusumbua 2014 na tena 2019. Kwa hiyo dawa ya kupaka huanza saa 10 jioni, usisubiri giza, na chandarua kifungwe chini kwa kukikunja ndani ya mkeka. Ukipata homa baada ya wiki moja, mbili au hata zaidi tangu ulale nje, usinywe dawa kwa kukisia. Nenda kapime, na mwambie mhudumu ulilala wapi.

Nipike au ninunue?

Nunua. Mama lishe wa Mjimwema ana samaki wa kukaanga, chapati na maharage kwa bei isiyozidi sana gharama ya gesi utakayobeba. Hata hivyo najua hakuna atakayenisikiliza, maana chai iliyochemshwa ufukweni kwa mkono wako ina ladha yake. Basi jiko dogo la gesi, sufuria moja, kikombe, majani, sukari, vitumbua vya kununua. Maji ya kunywa beba lita nne au tano, na dafu ukilikuta usilipite.

Ukiwasha moto wa kuni, uwe mbali na majani makavu ya mvinje, yanashika kama karatasi. Asubuhi au usiku ukimaliza, usifukie makaa kwa mchanga. Mchanga huyaficha tu, na yanakaa ya moto kwa saa nyingi; mtoto anayekimbia pekupeku kwenda kuangalia ngalawa zinaingia ndiye atakayeyakanyaga. Mwaga maji, koroga, mwaga tena, mpaka uweze kuyashika. Na kwa hali yoyote, mvua inyeshe, upepo uvume, jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema. Hewa yake haina harufu ya kukuonya, na wanaolala nayo hawaamki.

Kuhusu choo sina maneno mengi: tumia cha mwenyeji wako, ndiyo sababu nyingine ya kuwa na mwenyeji.

Mwanamke anaweza kwenda peke yake?

Wapo wanaokwenda. Kumwambia mwanamke hatari ni ile ile ya mwanamume ni kumdanganya, na kumwambia asiende si kazi yangu. Walio wazoefu hufanya mambo ambayo wanaume tungefaa kuyaiga. Mara ya kwanza huchagua kambi yenye mlinzi na bafu lenye komeo la ndani, na huwasili jua lingali juu. Hujitambulisha kwanza kwa mama mwenye nyumba au mama wa jikoni, si kwa vijana waliokaa getini. Wakiulizwa njiani wanalala wapi, hujibu "nina mwenyeji wangu" bila kumtaja, wala hawasemi uongo. Na hawatumi picha ya mahali walipo mtandaoni mpaka wamerudi.

Kwa wote: mwachie mtu mmoja nyumbani maelezo kamili, yaani njia, mahali, jina la mwenyeji na namba yake, na saa mbili za kuwasiliana, mathalani saa 2 usiku na saa 1 asubuhi. Mkubaliane atafanya nini usiposikika. "Nitakupigia" bila saa haina maana. Simu iwe imejaa chaji, na pawa benki iwepo. Namba ya dharura ya polisi ni 112, ya zimamoto na uokoaji ni 114. Pesa taslimu weka kidogo, za noti ndogo, mahali pawili. Baiskeli ifunge kwenye mti, au pitisha kamba kutoka kwenye gurudumu hadi ndani ya hema ukaifunge kwenye begi unalolalia.

Nikishalala nitaogopa?

Utaogopa, karibu na saa saba hivi. Utasikia kitu kikikwaruza hema taratibu, kinasimama, kinakwaruza tena. Ni kaa. Utasikia mtu anapiga makofi mara moja juu ya kichwa chako: kuti limegonga kuti. Halafu injini ya boti mbali sana, ambayo usiku husikika kana kwamba inakuja kwako moja kwa moja. Dawa niliyoiona ni kuzunguka eneo lote jua likiwa bado lipo, hatua hamsini kila upande, ukajua njia ya watu inapita wapi, mbwa ni wa nani, bati gani limelegea. Ukisikia hatua za watu na sauti ya mazungumzo karibu na saa 10 alfajiri, ni wavuvi wanakwenda dikoni. Salimia kutoka ndani, "habari za alfajiri," watajibu na kupita. Baada ya hapo adhana, kisha jogoo, na usiku umekwisha.

Nirudi vipi?

Angalia upepo tangu siku ya kuondoka. Kusi huvuma kuanzia Aprili mpaka kwenye Septemba, na hupata nguvu mchana. Ukielekea Gezaulole mwezi wa Julai utakuwa unaukabili kwa kifua, miguu itawaka, lakini kesho yake utakusukuma mpaka feri. Kaskazi ya Januari hufanya kinyume: itakupeleka kama mfalme na kukulipisha wakati wa kurudi, ukiwa umechoka, jua limepanda. Miezi hiyo ondoka saa 12 na nusu asubuhi, chai utakunywa ng'ambo.

Ukifika nyumbani usiiegemeze baiskeli ukutani ukaenda kulala. Chumvi haikungoji. Ndoo mbili za maji baridi zimwagie cheni, rimu, breki na spoku; ifute, iache ikauke juani, kisha tia tone la oili ya mashine kwenye kila kiungo cha cheni na ufute inayozidi. Mafuta ya kupikia hayafai, hunasa mchanga na kuwa msasa. Hema litandaze wazi siku nzima hata kama linaonekana kavu, maana umande wa baharini hukaa kwenye mishono, na hema lililokunjwa na unyevu hutoa harufu utakayoikumbuka. Kisha mwaga begi sakafuni, toa kila kitu ambacho hukukigusa tangu jana, ukiweke kando. Mimi mara ya kwanza nilitoa nusu ya mzigo, pamoja na pasi ya mkaa ambayo mpaka leo sijui niliibebea nini.